Mtama wa Kibuyu cha Mama

Rusinga,
Jumapili jioni, mwezi wa Machi.

Mdogo wangu Nyangi,

Pokea salamu za mvua kutoka huku kisiwani, maana imeanza na kila mtu ananuka udongo. Wewe na watoto mnaendeleaje huko Masara? Kile kikohozi cha vumbi la mawe kimekuachia, au bado unawapikia wachimbaji wa dhahabu chapati huku umejiziba pua kwa leso? Sisi tu wazima. Mama anaumwa mgongo, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Kaka yetu Cephas ni mzima pia, ila ana hasira. Sababu ya hasira yake utaikuta mwishoni mwa barua, na tafadhali usirukie huko, soma kwa mpangilio.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimejaribu. Kila nikitaka kueleza nalia, na nikimaliza kulia mtandao umepotea. Basi nimekaa na kalamu na Kiswahili changu cha shule, kwa kuwa Kikuria chako sikijui na Kijaluo changu hukijui.

Mambo yalianza tulipoezua jiko la Mama ili tuweke mabati. Juu ya meko, kwenye boriti zilizokolea masizi, Cephas alikuta kibuyu kimezibwa mdomo kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mtama uliochanganywa na majivu, punje ndogo nyekundu, kila moja imevaa kofia nyeusi. Haukuwa mtama wetu. Tulipomuuliza Mama alisema hakumbuki, akaanza kufukuza kuku ambao hawakuwa wamemkosea lolote. Cephas akasema basi kuku hao hao wapewe. Nilimnyang'anya kibuyu mkononi.

Unanijua. Tangu nijiunge na kikundi cha akina mama wa mbegu pale Mbita, nikiona punje nisiyoijua sina raha. Niliupeleka kikundini, na kila mama akaupa jina lake, nusura viti virushwe. Afisa wa kilimo aliupiga picha, akasema jambo hilo ni la maabara, na mpaka leo nangojea. Ndipo mama Metrine, mkubwa wetu, ambaye alikuwa mpishi wa kong'o, pombe yetu ya nafaka, kabla hajaokoka, akasema tunahangaika bure. Mtama unaweza kukudanganya ukiwa kiganjani, alisema, lakini ukiwa mtungini hauwezi. Nikitaka kuujua niupike pombe peke yake, nipike na ya mitama tunayoijua kando yake, kisha niite ndimi za zamani zionje.

Mimi, Nyangi, mweka hazina wa akina mama wa kanisa! Nilicheka sana. Kisha nikaenda kuloweka.

Nililoweka aina tatu, kila moja na beseni yake: mweupe wetu, mwekundu wetu, na huo wa kibuyu. Nikaufunga kwenye magunia mabichi uchipue. Wa kibuyu ulichipua wa kwanza, karibu wote, vimizizi vyeupe vimesimama, nami nikarukaruka pale uani. Hapo ningepaswa kujiuliza swali moja, lakini furaha ilinipofusha. Nilianika kimea, nikakisaga, nikakanda unga na kuuacha uchachuke, nikaukaanga juu ya kipande cha bati kilichobaki kwenye jiko la Mama, halafu nikatia kila kitu mitungini. Cephas alipita akasema eti dada yake sasa ni mama keroro, mgema wa kijiji, na kwamba atanishtaki kwa pasta. Nilimwambia aende, njia ya kwa pasta anaifahamu.

Siku ya kuonja, mama Metrine alikuja na wenzake wawili na oseke, ile mirija mirefu ya kunyonyea pombe mtungini, ambayo sikujua kama bado wanayo. Mtungi wa mtama mweupe waliutambua mara moja. Mwekundu hata hawakumaliza kumeza. Walipofika mtungi wa tatu walinyonya, wakatazamana, wakanyonya tena. Nyangi, pombe ile ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, ikanukia moshi na asali ya porini, na uchungu wake ulishika shina la ulimi, ukaachia, halafu ulimi wenyewe ukauomba urudi. Mama Metrine aliinywa zaidi ya uchunguzi ulivyohitaji. Mwisho akatamka kwamba mtama huo si wa Rusinga wala wa pwani yote hii ya ziwa, na kwamba mimi nimepika kitu cha watu wengine.

Tukiwa hapo, pasta akatokea mlangoni. Cephas alikuwa ameenda kweli. Pasta Gisiri ni Mkuria, ametumwa kwetu mwaka jana, na alikuja na uso wa kukemea. Alianza na andiko, akafika katikati, akaanza kunusa. Akauliza ni nini kile. Nikamweleza. Akaketi. Alisema harufu ile ni ya nyumba ya bibi yake, huko Kuria, na kwamba hajaikuta tena tangu bibi alipozikwa. Kisha akachovya kidole kimoja, akasema ni kwa ajili ya ukweli tu. Kidole kile kilirudi mtungini, na andiko halikumalizika. Alituambia kwamba upande wao msichana akiolewa mbali, mama yake humfungia mbegu hiyo, ili popote aendako apike kitu chenye ladha ya kwao.

Nyangi, nilisimama nikiwa na kata mkononi. Msichana wa Kikuria aliyeolewa katika boma letu ni mmoja tu, Boke, marehemu mama yako.

Unajua yaliyosemwa. Kwetu mvua ikianza kila nyumba hupanda kwa zamu: mke mkubwa kwanza, kisha wa pili, ndipo wana. Mke ambaye hajawahi kutoa mbegu katika boma hahesabiwi. Shangazi zetu walishikilia kwamba Boke aliondoka na mimba kabla hajapanda hata punje, kwa hiyo mtoto wake si wa hapa. Ndiyo maana kwenye mazishi ya Baba uliketishwa kwenye hema la wageni na kupewa soda. Uliondoka bila kuinywa, nami nikakukimbilia mpaka darajani kukuomba namba ya simu. Na shangazi akasema nyuma yetu, asiyekuwapo na lake halipo.

Nilimpelekea Mama kikombe. Alikunywa, akafumba macho, akasema, Boke.

Hapo ndipo lile swali likanijia. Mtama hauishi miaka mingi juu ya meko, hata upewe majivu na moshi. Wewe una watoto wanaosoma, na mbegu ya mama yako ililetwa kabla hujazaliwa. Ingekuwa imekufa zamani. Uliochipua kwenye gunia langu ulivunwa juzi juzi. Nikamuuliza Mama nani amekuwa akiupanda.

Alisema ni yeye. Alisema Boke alipanda katika boma hili, tena kwa mpangilio, asubuhi iliyofuata baada ya yeye Mama kupanda, na ni Mama mwenyewe aliyemwonyesha shamba. Boke alipoondoka, Mama alivuna peke yake. Shangazi walipoanza maneno yao, Mama, shahidi pekee, alinyamaza, akiogopa kwamba atakayefuata kufukuzwa ni yeye. Lakini kila mvua, akimaliza kupanda shamba lake, alienda nyuma ya boma, pale nyumba ya Boke iliposimama, akapanda konzi moja ili zamu ya nyumba ya pili isirukwe. Sisi tulidhani ni chakula cha ndege. Mama alilia akinieleza, nami nililia, na Cephas akatoka nje kwenda kutazama ng'ombe.

Sasa sikia. Mama alipanda shamba lake Alhamisi. Nilijitolea kupanda kwa niaba ya nyumba yenu, akakataa. Alisema mwenye nyumba yu hai, yuko Masara, anapika chapati. Na nyumba ya pili isipopanda, wana hawapandi. Mahindi ya jirani yameanza kuchungulia, ya Cephas bado yako kwenye gunia, naye anatoka kutazama mawingu na kurudi ndani. Yeye ndiye anayeipeleka barua hii kesho alfajiri. Shangazi alikuja kubisha, Mama akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba Boke alipanda, na yeye aliona kwa macho yake.

Nimekutilia punje chache humu ndani uzinuse. Usizipande huko. Nyingine ziko kibuyuni, jembe lipo, na godoro la watoto nimelianika.

Wasalimie wanangu, na majirani zako wote. Mama anakusalimu, pasta anakusalimu, na Cephas anasema njoo upesi, nami nimeandika neno hilo kwa sababu amesimama nyuma yangu.

Ni mimi dada yako,
Roseline, wa nyumba ya kwanza.

Kwa Nyangi, wa nyumba ya pili.