Konfeti za Bi Heidrun

Jumatatu, 3 Juni

Vita! Ornella, binti wa kaka yangu, anaolewa Jumamosi na Mjerumani wake, Jost. Leo mama yake Jost, Bi Heidrun, kapiga simu: msihangaike na konfeti, tunakuja nazo kutoka kwetu, mifuko tele. Wifi yangu Consiglia, mama wa bibi harusi, karibu azimie. Konfeti za nje! Ziletwe hapa Sulmona, Italia, ambako hata mtoto mchanga anajua konfeti ni lozi iliyovikwa sukari, na kwamba zinatoka hapa! Kaapa: zikiingia hizo kanisani, yeye haingii.

Mimi kimya, natafuna zangu. Miaka niliyofua mashuka Stuttgart ilinifunza kuwa kwa Wajerumani konfeti ni vikaratasi vya kuwarushia maharusi. Basi, si zaidi. Lakini wifi kaagiza lozi za harusi duka la jirani, si dukani kwangu ninakouza hizo hizo. Acha aungue kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Ornella kaja dukani, macho mekundu. Mama hatanii, shangazi, hata gauni karudisha kabatini.

Nikashindwa. Nikamweleza. Vikaratasi hivyo sisi twaviita koriandoli — giligilani! Maana zamani kwenye kanivali watu walirushiana punje za giligilani zenye sukari. Punje zikaondoka, karatasi ikaja, jina likabaki. Wajerumani wakachukua karatasi wakaipa jina la lozi. Na kila mmoja anamwona mwenzake juha! Ornella kacheka mpaka machozi yakarudi, kisha mbio kwa mama yake.

Jioni simu. Wifi.

"Kumbe ulijua tangu Jumatatu?"

Kakata.

Ijumaa, 7 Juni

Bi Heidrun kapita dukani. Mrefu, mpole. Kijerumani changu kina kutu ila tulielewana. Nikamwambia padri hataki karatasi mlangoni pake, na kwamba hapa konfeti ni hizi. Nikampa kilo tatu, zawadi. Kapima moja kiganjani, kasema ni ngumu. Nikamwambia kwa fahari: ndani mna lozi nzima! Akauliza wenyeji wasimame mbali au karibu. Nikadhani ni mambo ya picha. Karibu, nikasema, mbele kabisa.

Wifi bado hanisemeshi. Inaniuma, sitaficha.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimekaa ngazi za kanisa. Nimetoka kupunga hewa, misa inaisha. Mungu wangu. Wajerumani wamejipanga nje ya mlango mistari miwili, kila mtu ngumi imejaa lozi zangu. Hawazili! Mjomba wa Jost, aliyewahi kucheza mpira wa mikono, ananyoosha bega.

Nainuka niwaendee — wifi huyu hapa, kofia mpya, kanishika mkono wa kushoto. Wa kulia umeganda kwenye kalamu.

"Wifi, yaishe. Leo tusimame pamoja, mbele."

Nimengoja neno hilo siku zote hizi! Nimwambie? Atauliza tena nilijua tangu lini. Nisipomwambia, kofia ile haitamsaidia, wala mimi sina kofia.

Kengele. Mlango unafunguliwa. Ornella anacheka, mzuri kupita kiasi. Bi Heidrun ananitazama, anasubiri nimpe ishara ya kurusha.

Nimeinua kalamu juu kumzuia — na mjomba naye kainua mkono —