Sura Inayocheka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Sisi tunapumua. Ningekupigia simu, lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati.

Chiriku wetu ameingia mwezi wa tano wa matibabu. Nywele zimekwisha. Amemwambia baba yake kwamba sasa wanafanana, ila kichwa chake yeye kina umbo zuri zaidi. Daktari anasema dawa zinaishinda saratani ya damu. Hayo nimekuwa nikikuandikia, na ni kweli.

Ambalo sikukuandikia ni hili. Kila Jumanne, kabla ya dripu, muuguzi hukaa na watoto akiwa na karatasi yenye sura sita zilizochorwa, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Huwauliza juma limekwendaje: maumivu, usingizi, michezo, woga. Mtoto hujibu kwa kidole. Muuguzi aliniambia kwamba vipimo vya damu vinaeleza ugonjwa tu, havielezi mtoto anaishi vipi. Nikamwona ana maneno mengi. Mimi nilitaka mwanangu apone, basi.

Chiriku alionyesha sura inayocheka juma baada ya juma. Lakini nyumbani yule mtoto asiyefunga mdomo alianza kunyamaza. Aliacha kuruka kamba. Vifungo vya sare vikamshinda, nikawa namfunga mimi, nikijiambia ni uchovu.

Jumanne moja ya mwezi uliopita alianguka akipanda mizani. Daktari alimwambia ainue vidole vya miguu, havikuinuka. Dawa mojawapo ilikuwa imeumiza mishipa ya fahamu. Akamuuliza miguu imekufa ganzi tangu lini. Mtoto alinitazama mimi kwanza. Muuguzi akaleta karatasi zote. Sura inayocheka, kuanzia juu hadi chini.

Dada, nilimfundisha mimi. Mwezi wa pili mtoto wa kitanda cha jirani alisimamishiwa dawa kwa sababu ya vidonda vya mdomoni, nami nikaingiwa na hofu. Nikamwambia Chiriku kwamba akisema anaumwa watamnyima dawa, na hatapona. Ana miaka minane. Alinishika neno.

Nilikiri palepale, mbele yake. Daktari hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema kama angejua, dawa ile moja ingepunguzwa mapema, na matibabu yangeendelea vilevile. Sasa imepunguzwa. Miguu huenda ikarudi taratibu, hakuahidi.

Jumanne hii niligeuza kiti changu nikatazama ukuta. Chiriku aliongea mpaka mhudumu wa dripu akasimama mlangoni akisubiri. Walipofika kwenye woga, muuguzi alimuuliza anaogopa nini zaidi: sindano, au kuumwa? Akasema, “Naogopa mama akikasirika.”

Sikugeuka. Sikujua nigeuke na uso gani.

Shemeji yako nimemweleza. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Nawe usiniandikie kwamba sina kosa. Njoo tu, ukae naye, umsikilize.

Wabusu watoto wote kwa niaba yetu.

Ni mimi, mdogo wako