Feni Juu ya Sauti ya Dada

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na usingizi umeanza kukurudia. Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu sana, na mwanangu amenishikilia nikuambie kwamba ameng'oka jino.

Najua nimechelewa kukujibu. Uliniomba nikuletee sauti zote za mwanao, dada yangu, zilizobaki studio, nami nikawa nakupiga chenga kwenye simu. Leo nakueleza yote.

Kazi yangu pale ilikuwa kutunza rekodi. Mwimbaji akimaliza, natoa kadi kwenye kinasa sauti, nanakili kila kitu kwenye diski mbili za kazi hiyo, moja ya mezani na nyingine ya kabatini. Ndipo naifomati kadi, yaani naisafisha iwe tupu kwa atakayefuata. Dada alikuwa akinitania kwamba mimi ni dobi wa sauti.

Mara ya mwisho alipokuja, alimaliza wimbo mmoja tu, ule wa taratibu. Kisha miguu ikamwishia nguvu, akakaa sakafuni chini ya maiki. Nilitoka mbio kumtafutia maji. Mashine ikaendelea kunasa: akakohoa, akalia, akaongea peke yake.

Baada ya mazishi yake, bosi wetu, tunayemwita Shibe, akakikuta kipande hicho. Shangazi, nimewahi kuzibua choo cha studio kwa mikono yangu, lakini sijawahi kuona kinyaa kama siku ile. Alikuwa anatafuna kuku, vidole vinang'aa mafuta, na vidole hivyohivyo anavipitisha kwenye vitufe. Anarudisha kikohozi cha dada, anakirudisha tena, anatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hiki kikohozi kipandishe kidogo," akaniambia, "watu walie. Na hapa anapomwita mama yake, weka mwangwi."

Nikamwambia huyo ni dada yangu. Akajibu kwamba ndiyo maana kazi ananipa mimi, nitaifanya kwa uchungu. Ngozi ya kuku ilikuwa imemganda kidevuni. Akajilamba kidole gumba, akanivulia hedifoni zake, bado zina joto la masikio yake na utelezi wa mafuta. Nikazivaa. Hilo ndilo linalonitapisha mpaka leo, kwamba nilizivaa.

Alipoondoka nikafomati diski ya mezani, kisha ya kabatini. Lakini kufomati haraka kunafuta majina tu. Sauti zenyewe bado zimo, na fundi mjanja huzirudisha. Basi nikafungua maiki katika chumba kitupu, nikarekodi mvumo wa feni juu ya sauti hizo mpaka diski zote mbili zikajaa. Shibe aliporudi akabonyeza, akasikia feni. Alinitukana mpaka mate yake yakanirukia shavuni, akanifukuza. Sijutii.

Kadi iliyomo kwenye bahasha hii ina ule wimbo, niliounakili humo kabla ya kufuta diski. Umesalimika mzima.

Sasa lile lililonifanya nikukwepe. Ningeweza kukutunzia na kile kipande kingine, kadi ina nafasi tele. Nilikifuta kwa kusudi, kwa sababu dada alikuwa anasema na wewe. Siku ile uliyosafiri ukabisha mlangoni kwake, ukarudi ukidhani amehama, alikuwa ndani. Alisema hakutaka umwone alivyokonda. Alisema alisimama ameuegemea mlango, akasikiliza ndala zako zikishuka ngazi mpaka chini, na alitaka kukuita, sauti haikutoka. Akaomba umsamehe.

Kila tukizungumza unasema ulibisha kidogo mno. Hapana, shangazi. Alikusikia. Ila sikutaka maneno hayo yakufikie katikati ya kikohozi kile. Kama nimekosea, nitakuja mwezi ujao unigombeze uso kwa uso.

Msalimie mjomba, na majirani wote wanaokuletea maji. Usisahau dawa za miguu.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako