Shavu la Papa

Makomeno, Jumamosi, kisha chakula cha mangaribi

Siwezi kutulia hata kidogo.

Juzi mualimu wangu wa kuchora alinirudishia picha niliyomuchora Papa, baba yangu. Alisema: "Uso uko bapa kama sahani. Mustari ufuate mwili. Pale nyama inaingia ndani, na mustari uingie."

Nilijua ni wapi. Ni mashavu. Toka Papa agonjwe, nilikuwa ninayapitishia mistari iliyonyooka, kusudi nisione.

Leo Papa alikaa tena pa kiti, barazani. Safari hii niliacha kalamu ishuke, mustari kando ya mustari, kila mumoja ukijikunja kuliko uliotangulia, mpaka shimo la shavu likatokea.

Papa aliomba karatasi. Akaitazama sana.

"Ni mie huyu?"

"Ni weye, Papa."

"Nilishakonda hivi?"

Mama, mwenye kumubembeleza miezi yote hii aende kuonana na dokta, alisogea naye kuitazama karatasi.

"Basi, kesho kutwa, lundi, twende ku hopitali," Papa akasema.

Akiamuka na mawazo mengine kesho, sijui…

Mama alishaanza kupiga pasi shati la Papa.