Mama, Kaniki Nimeitundika

Mama yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa bado na moto kifuani, na bora nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine. Kaniki, ile nguo uliyokataza isivuke kizingiti chetu, sasa imetundikwa katika ukumbi wa mtaa hapa Walthamstow, na aliyeitundika ni mie.

Unaikumbuka sketi yangu ya shule? Ya buluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Nguo zote ulizipiga pasi, hata matambara ya jikoni, lakini ile sketi hukuigusa. Nikienda shule na mikunjo yangu, nikidhani una kinyongo na mimi. Jumamosi tukishuka sokoni ulisugua kila kitambaa kwa vidole viwili, ukivutana bei na wauzaji kwa Kiingereza chako cha "my dear, too much". Tukifika kwenye majora ya buluu nzito, unanivuta mkono tunapita.

Nilipokuuliza sababu, ulikuwa unanipima gauni la Idi, pini mdomoni. Ukazitoa, ukanieleza mara moja tu. Kwamba bibi yako wewe, Bi Zafarani, alizaliwa mtumwa Unguja. Vazi lake lilikuwa kaniki, ile buluu nzito, kichwa wazi na miguu mitupu, kwani mtumwa hakuruhusiwa kujifunika mbele ya mabwana. Utumwa ukafutwa, kaniki akabaki nayo, maana hakuwa na uwezo wa kitu kingine. Vikaja vita vya kwanza vya Wazungu, mumewe akachukuliwa kwenda bara kubeba mizigo ya jeshi, asirudi. Nguo nazo zikaadimika madukani. Akachambua karafuu kwa ujira mpaka vita vikaisha, akanunua doti ya kanga kwa jasho lake. Moja akajifunga, moja akajitanda kichwani, akatia na makubadhi, akapita taratibu mbele ya baraza ya waliokuwa mabwana zake. Hakuinama.

"Hayo yasitoke nje ya mlango huu," ulisema, ukarudisha pini mdomoni.

Mama, hadithi kama hiyo mtu anaificha? Mie ningeipigia ngoma!

Mwezi huu ukumbi wetu una maonyesho ya mavazi ya enzi za vita hivyohivyo vya kwanza, na kila mkazi ameombwa alete kitu cha kwao. Jirani yangu Joan kaleta suruali ya bibi yake, aliyetengeneza mabomu kiwandani wanaume walipokwenda vitani. Anasimulia kwa kujigamba jinsi bibi huyo alivyotukanwa njiani kwa kuvaa suruali. Zipo sketi zilizofupishwa ili mwanamke apande basi akawakatie abiria tiketi, na korseti zilizoachwa kwa sababu huwezi kunyanyua vyuma huku mbavu zimebanwa. Nilisimama pale nikachemka. Vita vilivyomvisha bibi yake Joan suruali ndivyo vilivyomfanya Bi Zafarani mjane. Wenzetu wanajivunia hata matusi waliyotukanwa, sisi tunanong'ona.

Basi nikatafuta kaniki, nikapiga pindo kwa mkono kama ulivyonifundisha, nikaitundika pamoja na doti ya kanga. Chini nikaweka kadi, kwa Kiswahili na Kiingereza: "Bi Zafarani wa Unguja. Kaniki aliamrishwa. Kanga aliichagua mwenyewe." Nikatia jina langu.

Habari zikamfikia Dada Saada, akanipigia kutoka Ilford siku hiyohiyo.

"Wee una wazimu? Salim anaoa next month! Wakwe zake wanajisifia ukoo mpaka Oman, unataka waje wasome kwamba sisi watumwa?"

"Alikuwa mtumwa, Saada. Kwani aliiba?"

"Mama alikataza!"

"Mama alitishwa. Mie hanitishi mtu."

Akanikatia simu. Nililia, sikufichi. Salim nimemlea mie, Saada akifanya night shift hospitali, na harusi yake naitaka kama mama yake anavyoitaka. Najua pia ulinyamaza ili kutukinga, ili hapa ugenini asitokee Mswahili mwenzetu wa kutunyanyasa kwa asili yetu. Nakushukuru kwa ngao hiyo. Lakini nimechoka kuibeba, mama, na watoto wetu siwapi waibebe.

Jana mama wa bibi harusi akaja ukumbini mwenyewe, Saada nyuma yake amenywea. Akaisoma kadi. Akaisoma tena.

"Huyu mwanamke mnamjua?"

Saada akanitazama kwa macho ya kuniomba. Ilikuwa rahisi kusema ni mtu tu wa kisiwani.

"Ni bibi yake mama yetu," nikasema. "Damu yake ndiyo ya Salim."

Yule mkwe akafunga mkoba wake, akatoka bila kuaga. Harusi ipo au haipo, hatujui. Nilimngojea Saada amkimbilie, aombe radhi, aseme mdogo wake hana akili timamu. Hakwenda. Alizisogelea zile nguo, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Kalamu unayo?" akaniuliza.

Chini ya jina langu akaandika lake.

Basi nuna ukitaka, mama, dua zangu utazipata vilevile. Kaniki siishushi.

Mwanao,
kitukuu wa Bi Zafarani