Kumsimamisha Baba

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimemwangusha Baba. Hapana, niandike ukweli: tumeanguka wote.

Jirani yetu Maige alichelewa. Baba alikuwa amebanwa, anataka choo, na mimi nikajisemea, mbona nipo? Nikamkumbatia kama ninavyomwona Maige akifanya kila siku. Nikavuta. Akainuka kidogo tu, halafu magoti yangu yakaanza kutetemeka, tukarudi kitandani kwa kishindo, mimi juu yake. Haja ikamtokea palepale. Aligeuza uso ukutani.

Mke wangu Theopista alikuwa nje ya mlango na maji ya moto. Akaniuliza, Baba Dorika, niingie nikusaidie? Baba akawahi kujibu: "Yaya!" Hapana, kwa Kisukuma! Maneno mengi yamemponyoka tangu apate kiharusi, ila hilo limebaki. Mkamwana hamshiki baba mkwe, hata nyumba ikiungua. Basi mke wangu, mwenye mikono imara kuliko yangu, anasimama nje. Mimi ninayeruhusiwa kuingia siwezi kitu.

Maige alipokuja alimnyanyua mara moja, bila hata kukunja uso. Ni jirani tu, mchimbaji wa zamani wa dhahabu huko Segese. Nilimshukuru huku naona aibu mpaka masikioni.

Jioni kaka Bujiku kapiga simu kutoka kijijini. Amesema akishauza pamba anakuja na gari kumchukua mzee. "Hapo mjini mnamtesa tu, mdogo wangu. Huku wanaume tupo." Nikamwambia kijijini hakuna kliniki ya mazoezi, na daktari alisema miezi hii ndiyo ya kuupigania mguu uliopooza, ikipita imepita. Akauliza: "Sasa utamnyanyua wewe?"

Nimesingizia chaji, nikakata simu.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Dada Nelly, yule anayemfanyisha Baba mazoezi, ameuliza nyumbani anasimamishwa na nani. Nikasema jirani, lakini nataka iwe mimi. Akaniangalia juu hadi chini. Akaja akanibinya mkono juu ya kiwiko, vile mtu anavyobinya kuku sokoni kabla hajauliza bei!

Akanipandisha kwenye mzani wao ule wa kushika vishikio. Kilo hamsini na nane. Nikatabasamu — ndizo kilo zangu tangu kidato cha sita. Kisha mashine ikasema mafuta: asilimia thelathini.

Nilicheka. Nikamwambia mashine imeharibika. Mimi? Mafuta? Suruali zangu nanunua sehemu ya vijana.

Akaniambia nipandishe shati. Nikasita. Kipo kitu pale nakijua peke yangu, na Theopista. Kitambi cha siri. Laini, kimekaa juu ya mkanda, ndiyo maana shati sichomekei. Dada Nelly hakucheka. Alisema miili ya hivi ipo mingi: nje mwembamba, ndani mafuta, misuli haba. Hasa wanaoshinda wamekaa. Nakula nini kazini? Nikataja. Chai, sukari vijiko vinne. Maandazi. Soda mchana, soda jioni. Steshenari yangu ina kiti kimoja, na mimi sikiachi. Akapima na sukari ya damu. Iko mpakani mwa kisukari.

"Watu wanakuona mwembamba wanadhani mzima," akasema, "na wewe ukawaamini."

Imeniuma. Maisha yangu yote nasifiwa. Harusini wenzangu wanabana vifungo vya makoti, mimi naulizwa siri. Kumbe hakuna siri, hakuna chochote.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeamua. Mafuta yatoke! Chakula cha usiku basi. Asubuhi nimekimbia kuelekea uwanja wa ndege, nimefika karibu na uzio, nikarudi nimeshika mbavu. Nitaendelea. Bujiku hatamchukua Baba kwa sababu ya mikono yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekimbia tena. Dukani macho yakaingia giza, nikashika mashine ya fotokopi nisianguke. Mteja akanipa pole ya malaria.

Mtaani tayari wananizungumzia. Mama mmoja kamvuta Theopista pembeni kisimani, akamnong'oneza: mumeo mbona anazidi kukonda, mmeshapima? Theopista kamjibu kwamba nimepima, nimekutwa na mafuta. Yule mama akaona anadhihakiwa, akanuna, akaondoka na ndoo yake.

Habari mbaya ni ya Maige. Wenzake wa Segese wamemwita, duara lao, shimo la kuchimbia, limefika kwenye mwamba wenye dhahabu. Anaondoka mwisho wa mwezi. Alikuja kuniambia kwa upole, akijua maana yake kwangu. Nikampongeza kwa nguvu kuliko nilivyojisikia.

Mwisho wa mwezi! Na leo nilipomsaidia kumgeuza Baba tu, mikono ilitetemeka kuliko wiki iliyopita.

Alhamisi, 12 Juni

Nimegombezwa. Dada Nelly kasikia habari za kulala njaa, akaweka kalamu chini. Nakausha hata kale kamsuli nilikokuwa nako! Misuli haiji kwa njaa. Nile mayai, dagaa, maharage, maziwa. Soda basi, sukari nipunguze. Halafu ninyanyue vitu vizito, nichuchumae na mzigo na kuinuka, nipumzike, nirudie. Kukimbia si kubaya, ila kukimbia hakutamtoa baba yangu kitandani.

Kisha akanionyesha namna. Miguu ya Baba irudi nyuma, chini ya magoti yake. Kitenge kifungwe kiunoni mwake nipate pa kushika. Goti langu lizuie goti lake la kushoto, lile bovu, lisiporomoke. Ainame mbele, kichwa kije begani kwangu. Tuhesabu pamoja. Kumbe miaka yote — sawa, miezi yote — Maige alikuwa anambeba kwa ubavu tu kwa sababu anao. Mimi sina, nahitaji ufundi.

Tulijaribu mara mbili, dada Nelly akishika nyuma. Baba kanusa jasho langu akasema kitu. Nilidhani analalamika. Dada Nelly kasema alisema "polepole."

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa nimefanya mazoezi na Theopista. Nilijaza kiroba mchanga wiki iliyopita, nachuchumaa nacho asubuhi na jioni, lakini kiroba hakina magoti. Nahitaji mtu. Basi mke wangu kakaa ukingoni mwa kitanda chetu, kafungwa kitenge, kalegeza mguu wa kushoto, kajifanya Baba mkwe wake. Akaigiza na sauti: "Yaya! Yaya!" Tulicheka mpaka mtoto wetu Dorika akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Kilo za Theopista nimekatazwa kuziandika hata humu. Niseme tu kwamba nikimweza yeye, Baba nitamweza. Mara ya kwanza hakubanduka. Mara ya pili alibanduka, nikampeleka mbali na kiti. Mara ya tatu alikaa kitini, sawasawa, na nikabaki nimesimama!

Akanipapasa mkono, akasema pameanza kuwa na kitu hapa. Najua ananipa moyo. Nimeupokea.

Jumatano, 2 Julai

Maige kaondoka jana. Kaaga Baba kwa kumshika mikono yote miwili, Baba akamwambia "wabeja," asante, mara nyingi.

Leo asubuhi nimeingia peke yangu. Nimefunga kitenge. Baba ananiangalia, anaogopa, simlaumu. Moja, mbili, tatu — hatukutoka. Nikapumua. Tena. Tukatoka! Tukafika nusu ya njia, nikakosea mguu, akakaa ukingoni mwa kiti, bega moja hewani. Nikamsukuma taratibu mpaka akaenea. Tukakaa tunahema wote wawili, kama tumetoka kulima.

Akaongea, neno moja moja, na mimi nikisubiri. Kwamba ujana wake alibeba ndama mabegani kuvusha mto. Sasa yeye ndiye ndama. Nikamwambia ndama ni mkubwa kuliko mbebaji. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Sijamwona akicheka tangu Machi.

Nimefunga duka mchana, nikarudi kumhamisha. Jioni tena. Nimeweza mara mbili kati ya tatu. Siridhiki, lakini naandika.

Jumatatu, 14 Julai

Mara zote leo. Zote! Mapaja yanawaka, mgongo hauumi. Nimechoka dagaa wa Nkome, Dorika anasema nanuka mtumbwi. Nitawala tena kesho.

Ijumaa, 25 Julai

Nimepanda mzani. Kilo sitini. Nimeongezeka! Nikaingiwa na huzuni ya kijinga, mtu aliyesifiwa wembamba miaka yote. Lakini mafuta yameshuka hadi ishirini na saba, na sukari imerudi nyuma kidogo. Suruali inabana mapajani, kiunoni inalegea. Dada Nelly kafurahi kuliko mimi. Kaniambia safari bado ndefu, nisije nikarudia soda kwa kusherehekea. Nilikuwa nimeshaiwaza.

Ila mguu wa Baba. Dada Nelly akaugonga, akaukuna unyayo, akamwambia asukume. Kimya. Akamwambia tena. Baba kafumba macho, shingo imemkakamaa kwa kujitahidi. Kimya. Dada Nelly kasema tuendelee, ila safari hii hakutuangalia usoni.

Na Bujiku kapiga. Pamba imeuzwa. Anakuja Jumamosi ijayo.

Nimebeba kiroba mpaka mikono ikakataa. Nina hasira. Nimejenga mikono hii kwa ajili ya mguu ule, na mguu umelala.

Jumamosi, 2 Agosti

Bujiku kafika na pikapu ya kukodi na dereva wake. Kaleta maziwa, mahindi, jogoo. Kamwamkia Baba kwa kupiga magoti, kisha kabla sijasogeza kiti akamchota kitandani mikononi, akamweka barazani. Mara moja! Miguu ya Baba ilining'inia tu. Nilimwona amefumba macho.

"Umeona?" Bujiku kaniambia. Nimeona.

Nilitaka kumchukia siku nzima, nikashindwa. Mchana tumekaa barazani akaniambia kule nyumbani hajagusa kiti cha mzee. Kwamba ng'ombe wakirudi jioni anajikuta anageuka kumtafuta wa kuwahesabu. Anataka Baba awe anawaona wakiingia zizini, basi. Akajifanya anakohoa. Nikasema na mimi nataka aende kuwaona — kwa miguu yake. Akaniangalia mikono, akaona imebadilika, akakiri. "Umejitahidi, mdogo wangu. Lakini mguu je?"

Wanaondoka kesho asubuhi. Baba tulimuuliza anataka nini. Alisema hataki watoto wake wagombane, ndilo jibu lake. Theopista kafua mashuka yote ya Baba.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika hapa hapa chumbani kwa Baba, juu ya goti. Niandike haraka.

Godoro la akiba liko tayari kwenye pikapu. Bujiku kaingia kumchukua Baba, nikamwomba: acha nimsimamishe mimi, anywe uji wake kitini, ndipo mwondoke. Akarudi nyuma, akaegemea mlango, mikono kifuani.

Kitenge. Miguu nyuma. Goti langu kwenye goti lake la kushoto. Kichwa chake begani. Moja, mbili, tatu — akaja juu haraka mno! Nusura nianguke chali. Kwa sekunde moja nilijiona mwanaume kweli, nikasema kumbe nimekuwa na nguvu hivi!

Halafu nikalisikia goti. Lile bovu. Nimeliegemea wiki zote hizi na goti langu, nalijua lilivyo, zito, limekufa. Lilikuwa linanisukuma. Si sana. Linasukuma, linaacha, linasukuma. Nikamtazama Baba, na yeye ananitazama kwa karibu kabisa, jicho limemtoka.

"Ng'wanawane," akasema. Mwanangu. "Umesikia?"

Nimesikia. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamkalisha kabla sijamwangusha kwa kulia.

Bujiku kauliza Baba amefanya nini. Yeye hakuona kitu, mlangoni pale hakuna cha kuonekana. Nikamwambia mguu umesukuma. Akasema nasema hivyo ili mzee abaki. Nikamwambia njoo ushike mwenyewe! Nimempandishia kaka yangu sauti, mara ya kwanza. Akaja. Akasema turudie.

Baba kasema yaya. Uji kwanza, amechoka.

Theopista kapitisha kikombe mlangoni. Sasa Baba anakunywa kwa mkono mzuri, uji unamwagika kidogo kidevuni. Kitenge bado kiko kiunoni mwake. Bujiku amepiga magoti sakafuni mbele yake, kiganja kimelala juu ya paja la kushoto, anangoja mguu usukume. Nje dereva anapiga honi. Kapiga tena. Bujiku hajageuza hata kichwa.

Kikombe kimefika nusu.