Gari la Kuunda na Teksi ya Khamis

Jumamosi, 9 Januari 1999. Ramadhani, mwezi ishirini na moja.

Mabomba sita leo. Kukata, kupiga tupa, kuchomelea. Kiu. Gereji yangu hapa Mpendae imeezekwa mabati matupu, na ikifika saa nane mchana hakukaliki. Ramadhani ikiangukia kaskazi ni mtihani.

Fremu imeshasimama. Ni ya mabomba ya maji, kwa sababu chuma cheusi cha unene ule nimekitafuta mji mzima sikukipata. Injini itakaa nyuma ya dereva. Dereva mwenyewe atakuwa nusu kalala, miguu mbele, shubiri moja tu kutoka ardhini. Nikiitazama nacheka peke yangu. Mtu mzima wa miaka arubaini na mbili.

Mashindano ni Sikukuu ya tatu, kwenye kiwanja cha kifusi nyuma ya nyumba za mwisho. Mafundi wenyewe kwa wenyewe, sheha katoa ruhusa. Aina mbili zinakimbia pamoja. Kuna magari ya barabara, yaani saluni zenye namba, milango minne na viti vyote. Na kuna ya kuunda, ambayo hayakutoka kiwanda chochote. Mwaka jana Khamis aliingia na teksi yake akawa wa pili katika saluni. Mwaka huu nimemshawishi aendeshe la kwangu. Imenichukua miezi mitatu kumpata. Khamis ni shemeji yangu, ndugu pekee wa kiume wa mke wangu Asya.

Jumapili, 10 Januari.

Fundi Petro kaja gereji. Huyu ndiye aliyenifundisha kuchomelea, mimi nikiwa sina hata ndevu. Mtu wa bara, lakini kakaa Unguja mpaka anasema kama sisi. Yeye ni wa saluni, hataki kusikia jengine. Tulibishana tena juu ya ile kanda ya video aliyoniletea binamu yangu kutoka Maskati, ya mbio za saa ishirini na nne huko Ulaya. Magari aina tatu barabara moja: yale ya chini kama sinia, yale ya fahari ya milango miwili, na saluni za kawaida zilizovuliwa viti.

Mimi naona hivi. Lile la chini likiingia kona linakaa. Saluni ikiingia kona inalala ubavu, tairi moja juu, dereva anapigana na usukani. La chini linazipita saluni mara tano, mara sita, na dereva wa saluni anatazama kioo cha nyuma kuliko anavyotazama mbele. Nani atake kuwa huyo?

Petro akasema saluni iliyopeleka watu wanne Kidichi kila siku kwa miaka kumi imeshajaribiwa. Limebaki jambo gani la kuijua? La kwangu halijajaribiwa na yeyote.

Halafu akaniudhi. "Mie sifungi, Seif. Niachie viungo vilobaki. Nkimaliza nnakunywa maziwa yangu, basi."

Bomba la maji lina ganda la zinki. Ukilichoma bila kulikwangua ganda lile, linatoa moshi mweupe unaoleta homa, na chuma kinaganda na matundu ndani. Ndiyo maana mafundi hunywa maziwa wakimaliza. Mimi nimefunga, siwezi. Petro alitaka kunisaidia, hakuna zaidi. Nikamwambia asante, nitamaliza mwenyewe. Nilitaka watu waseme mkono ni wa Seif tu, kuanzia bomba la kwanza mpaka la mwisho. Kiburi. Najua.

Jumatatu, 11 Januari. Mwezi ishirini na tatu.

Umeme ulikatika saa tatu, nikalala kuusubiri, ukarudi saa kumi na moja na nusu. Kilibaki kiungo kimoja. Mbele kushoto, pale mkono unaoshika tairi unapokutana na fremu. Kukikwangua zinki vizuri ni nusu saa na zaidi. Koo limekauka, na Asya kaniambia nisichelewe.

Sikukikwangua.

Nilichoma juu ya zinki. Moshi mweupe ukanipanda puani. Nikarudia juu yake mara ya pili ili mshono ukae vizuri, na ulikaa vizuri, mzuri kuliko yote. Nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla haujapoa. Nimefika nyumbani Michenzani adhana inaanza. Khamis alikuwa keshakaa mkekani. Mkewe kaenda Pemba kwa mama yake kujifungua, kwa hivyo mwezi huu wote anafuturu kwetu. Alinisogezea tende. Nilikunywa uji nusu kikombe.

Jumanne, 12 Januari.

Homa. Ule moshi. Nimelala mpaka adhuhuri. Asya anadhani ni jua.

Jumatano, 13 Januari.

Injini imeingia. Sasa kukifikia kile kiungo ni lazima kuishusha tena na kung'oa usukani. Wataniuliza kwa nini.

Labda kiko sawa. Mara nyingi kinakuwa sawa.

Alhamisi, 14 Januari.

Ukaguzi. Mafundi wamemchagua Petro kuwa mkaguzi wa magari ya kuunda, kwa kuwa yeye mwenyewe hana la aina hiyo. Alipita na nyundo ndogo, akigonga kiungo kimoja kimoja na kutega sikio. Akafika mbele kushoto. Akagonga. Akainama, akatazama mshono. Akaita wengine waje waone. Alisema hajaona mkono mzuri kama ule tangu aje Zanzibar, na kwamba sasa mwanafunzi kamshinda mwalimu.

Nilitabasamu. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, na wote wakadhani ni furaha.

Jumamosi, 16 Januari.

Khamis kaja gereji baada ya alasiri, kajilaza ndani ya gari na kushika usukani. Bado ana wasiwasi wake. Teksi yake anaijua kikohozi, anajua breki zinauma wapi. Hili halijui. Anasema kwenye saluni kuna mlango, kuna bodi, kuna bati baina yako na dunia. Humu unajiona umevaa fremu tu.

Kisha akanitazama akasema, "Lakini wewe ndiye ulolichoma, shemegi. Basi."

Nimekuwa nikiliwaza neno hilo tangu saa ile. Saluni ikivunjika utamlaumu aliyeitengeneza kiwandani, au aliyekuuzia, au barabara. Gari la kuunda halina kiwanda cha kulaumu. Lina mimi.

Jumapili, 17 Januari.

Majaribio. Nilijiambia: likiwa bovu litaonyesha leo, taratibu, pasipo na watu. Nikamwomba Khamis asikimbize. Akakimbiza. Mizunguko kumi. Kila akiingia kona ya kushoto nilikuwa nahesabu moja, mbili, tatu, mpaka namwona katoka.

Lilikwenda. Loo, lilikwenda! Saluni moja ya mtu wa Bububu ilikuwa ikijaribu pia, na Khamis aliipita mara nne, kwa ndani, kwa nje, anavyotaka. Alishuka uso mzima vumbi, meno tu yanaonekana, akanikumbatia kwa nguvu. Anasema hajui kwa nini alipoteza miaka yake kwenye teksi. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, kwa saa nzima. Nimefuturu vizuri leo.

Jumatatu, 18 Januari. Mwezi thelathini.

Nimekwenda gereji peke yangu kulifuta vumbi.

Kuna ufa kwenye rangi. Mbele kushoto. Mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha wa kidole kidogo. Nilipitisha ukucha, ukakwama. Nikajiambia ni rangi tu. Rangi hupasuka.

Nikapaka rangi juu yake.

Naandika ili nisijidanganye baadaye: niliufunika kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa nimefunga.

Jumanne, 19 Januari. Sikukuu.

Swala. Kanzu mpya. Watu kukumbatiana na kuombana radhi. Khamis alinishika mikono miwili akaniomba nimsamehe kama alinikosea mwaka huu. Nikamwambia sina kinyongo. Na mimi nikamwomba msamaha, akacheka, akasema nshakusamehe. Hajui anasamehe nini.

Pilau sikuionja.

Jumatano, 20 Januari.

Leo nilikwenda nyumbani kwa Khamis kumwambia. Nilimkuta kasimama mbele ya kioo anajaribu kofia ngumu ya pikipiki aliyoazima, na majirani wamejaa ukumbini. Nikanywa sharubati nikarudi.

Mimi mwoga. Hakuna neno jengine.

Alhamisi, 21 Januari. Sikukuu ya tatu.

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tisa kiwanja kimejaa. Watoto na nguo za sikukuu, akina mama chini ya miavuli. Asya kaja na majirani zake wa Michenzani. Kamleta na shangazi yao, yeye na Khamis. Magari tisa, sita saluni, matatu ya kuunda. Mizunguko thelathini. Khamis kaja na teksi yake, kaiegesha pembeni, kavaa kofia, kalala ndani ya gari langu. Injini imewashwa.

Nikainama sikioni mwake. Nikamwambia kiungo cha mbele kushoto si kizuri, sikukikwangua zinki, kina ufa. Ilibidi nipige kelele kwa ajili ya injini. Akanitazama, akacheka. Alidhani ni kihoro cha dakika ya mwisho. "Lishakaguliwa, yakhe! Hofu yako hiyo, mie sinayo. Toka mbele." Petro naye akanipungia mkono niondoke, anataka kuanzisha.

Nikazima injini. Nikaiendea teksi, nikafungua buti, humo mna vifaa vyangu alivyonibebea, na msumeno wa chuma. Nikapiga magoti mbele kushoto nikaanza kukata.

Walipiga kelele. Mtu alinishika kola, sijui nani. Khamis alitoka akanisukuma kifuani, akaniita mwendawazimu mbele ya dada yake. Niliendelea. Nilidhani nitakata mpaka jua lichwe. Msumeno haukufika robo. Kiungo kiliachia chenyewe, na pua ya gari ikakaa chini.

Petro alikiokota kile kipande akakigeuza. Ndani kilikuwa matundu matupu, kama andazi. Juu mshono mzuri. Aliutazama muda mrefu. Alimpa Khamis akishike, Khamis akakishika, akatazama kona ya kushoto, akatazama shangazi yake na Asya waliokaa upande ule ule chini ya mwavuli. Halafu akakitupa miguuni pangu.

Akaingia kwenye teksi, na viti vyake vyote na tasbihi inaning'inia kiooni, akaenda kusimama nyuma ya wengine.

Lililoshinda ni gari la kuunda la mafundi wa Bububu. Lilizipita saluni zote mara tatu na zaidi, na halikuyumba hata mara moja. Kwa hivyo kuhusu mwendo nilikuwa na haki. Waliliunda kwa mabomba yale yale ya maji. Wao walikwangua. Khamis kawa wa nne katika saluni, na kila alipopitwa alisogea pembeni akaachia njia kwa adabu. Watu walimshangilia kuliko mshindi.

Gari langu walilisukuma nje ya kiwanja watu nisiowajua.

Ijumaa, 22 Januari.

Sikwenda kazini. Nimeswali Ijumaa nikakaa safu ya nyuma. Watu wawili walinipa mkono, wengine walikuwa na haraka. Petro katuma mtu kusema kuwa yeye naye kajiuzulu ukaguzi, kwa sababu alisikiliza nyundo na macho yakamdanganya. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Khamis kaondoka na boti ya asubuhi kwenda Pemba kumwona mkewe. Alikuja kumuaga dada yake mlangoni. Nilikuwa chumbani, nilisikia. Hakuniulizia.

Baada ya chakula nilimwambia Asya yote. Umeme, tupa, moshi, rangi ya kwanza, rangi ya pili. Alikuwa akikunja nguo, hakuacha. Nilidhani atalia au atanitukana. Aliuliza moja tu: nilijua tangu lini.

Nikamwambia, tangu Jumatatu ile ya mwezi ishirini na tatu, kabla sijafika nyumbani.

Akahesabu kwa vidole, polepole, kama anayetaka asikosee.

"Siku kumi," alisema. "Na nane katika hizo mmefuturu sinia moja. Mie ndiye nilokuwa nnakuandalieni."

Alimaliza nguo zake, akamaliza mashuka, akajitanda kanga akashuka kwa jirani. Zangu kaziacha kitandani, lundo moja. Nimezikunja mwenyewe.